Kutoka Mandalay hadi Maabara: Taamuli ya Wabudha Mbele ya Sayansi

Mwishoni mwa Novemba 1885 majeshi ya Uingereza yaliingia Mandalay, mji mkuu wa Burma, yakamwondoa Mfalme Thibaw madarakani. Alipandishwa meli pamoja na malkia wake, akapelekwa uhamishoni India, na huko ndiko alikofariki mwaka 1916 bila kuiona tena nchi yake. Vitabu vya historia huieleza habari hiyo kama mgogoro wa biashara ya mbao za msaji na ushindani wa madola ya Ulaya. Kwa Waburma wenyewe ulikuwa pia msiba wa dini. Kwa karne nyingi mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa Ubudha: alijenga mahekalu, aliwakimu watawa, alimteua mkuu wao. Watawala wapya hawakutaka kulibeba jukumu hilo. Dini ya taifa zima ikabaki bila mlezi.

Katika msiba huo ndimo ilimopatia nguvu desturi ambayo leo hufundishwa hospitalini Marekani na Uingereza, hupimwa kwa mashine za kuchunguza ubongo na kuingizwa katika miongozo ya tiba: kukaa kitako, kuiangalia pumzi inavyoingia na kutoka, na kuirudisha akili kila inapotoroka. Mafunzo yenyewe ni ya kale. Yamo katika hotuba za Buddha zilizohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, hasa ile iitwayo Satipatthana, inayoeleza namna ya kuwa macho juu ya mwili, hisia, hali ya moyo na mambo yanayopita akilini. Lakini kwamba mkulima, karani au mgonjwa wa mgongo naye aweza kuyafanya, na yakawa vuguvugu la watu wengi, hilo ni jambo la karne moja na ushei tu.

Historia hii mara nyingi husimuliwa kana kwamba wanasayansi wa Magharibi walikuta hekima iliyolala wakaiamsha. Ukweli ni kwamba waliikuta ikitembea. Ilikuwa imeshatolewa msituni na kupelekwa kijijini, kijijini hadi ofisini, na watu waliokuwa na sababu zao nzito za kuijaribu. Anayeufuata mnyororo huo hatua kwa hatua ataona jambo moja likijirudia: pande zote mbili, watawa na watafiti, zilipata faida ya kweli pale zilipokubali kutazama kilichopo badala ya walichotamani kukiona.

Dini bila mfalme

Wa kwanza kutajwa ni Ledi Sayadaw, mtawa aliyezaliwa mwaka 1846 katika wilaya ya Shwebo. Sayadaw ni cheo cha heshima cha mtawa mkuu. Ledi ni jina la msitu karibu na mji wa Monywa alikojenga makao yake baada ya kusoma Mandalay. Waburma waliamini, kama wazee wao, kwamba mafundisho ya Buddha yangedumu miaka 5,000 huku yakififia hatua kwa hatua. Kuondolewa kwa mfalme kulionekana kuwa dalili kwamba kufifia kumeshika kasi.

Jibu la Ledi lilikuwa kwamba mlinzi mmoja akiondoka, kila muumini awe mlinzi. Aliandika vitabu vingi kwa Kiburma chepesi, akazunguka nchi akihutubia, akahimiza vikundi ambamo wanaume kwa wanawake walisoma Abhidhamma, falsafa nzito ambayo hapo awali iliachiwa wasomi. Akafundisha pia kwamba mtu mwenye mke, watoto na shamba anaweza kufanya taamuli ya kuchunguza nafsi bila kwanza kuvifikia vile viwango vya juu vya utulivu ambavyo watawa wa msituni huvitafuta kwa miaka. Mwanahistoria Erik Braun, aliyeuchunguza kwa kina urithi wa mtawa huyu, ameonyesha kuwa vuguvugu la taamuli kwa watu wote haliwezi kueleweka bila ukoloni uliolisukuma.

Miongoni mwa wanafunzi wa Ledi alikuwamo mkulima wa mpunga aitwaye Saya Thetgyi, kutoka kijiji cha Pyawbwegyi, ng'ambo ya mto kutoka Rangoon. Mwaka 1903 kipindupindu kilikiingia kijiji hicho kikamchukua mwanawe wa kiume na binti yake. Thetgyi aliaga nyumbani akaenda kutafuta walimu, akajifunza kwa miaka, kisha akarudi. Mwaka 1915 Ledi alimruhusu kufundisha, ingawa hakuwa mtawa. Hilo lilikuwa jambo kubwa: mtu asiyevaa joho la utawa anawaongoza wengine, wakiwamo watawa, katika kazi ya ndani kabisa ya dini.

Tawi la pili la vuguvugu hilo lilipita kwa Mahasi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Seikkhun. Mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya uhuru, Waziri Mkuu U Nu na tajiri mshika dini U Thwin walimwalika Rangoon kuongoza kituo kipya cha taamuli. Mbinu yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Mwanafunzi aliketi akaangalia tumbo linavyopanda na kushuka kwa pumzi, akitaja kimyakimya moyoni: kupanda, kushuka. Mguu ukiuma, anataja maumivu. Wazo likija, anataja kuwaza. Alipotembea, alifuatilia mguu unavyoinuka, unavyosogea na unavyokanyaga. Kila kilichotokea kilipewa jina kikaachwa kipite. Serikali huru ya Burma iliunga mkono vituo vya namna hiyo kote nchini, na makarani, wafanyabiashara na akina mama wa nyumbani wakaja kwa maelfu.

Mhasibu na mwenye kipandauso

Mwanafunzi maarufu zaidi wa Saya Thetgyi alikuwa mtumishi wa serikali. U Ba Khin, aliyezaliwa mwaka 1899, alianza kujifunza mwaka 1937 akiwa karani wa mahesabu serikalini. Burma ilipopata uhuru mwaka 1948 aliteuliwa kuwa Mhasibu Mkuu wa kwanza wa nchi, na ndani ya ofisi hiyohiyo akawafundisha taamuli wafanyakazi wake. Mwaka 1952 alifungua kituo Rangoon kilichopokea wenyeji na wageni. Mafunzo yalichukua siku 10: siku za mwanzo pumzi peke yake, zilizobaki kupitisha usikivu mwilini kuanzia utosini hadi nyayoni, kiungo kwa kiungo.

Mwaka 1955 alifika kwake mfanyabiashara wa asili ya India, S. N. Goenka, aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924. Goenka alisumbuliwa na kipandauso kikali kiasi cha kuchomwa sindano za mofini, na alishazunguka Ulaya, Marekani na Japani akitafuta daktari wa kumponya. U Ba Khin alimkatalia. Goenka mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba mwalimu wake alimwambia taamuli si dawa ya kichwa, bali ni ya kuisafisha nafsi, na kama alichokuja kutafuta ni tiba ya mwili basi ameikosa njia. Akakubaliwa alipobadilisha nia. Kipandauso nacho kikamwacha.

Swali lililozuka katika mazungumzo hayo halijapata jibu moja hadi leo. Je, jambo lililokusudiwa kumtoa mtu katika tamaa, chuki na ujinga laweza kukatwa kipande likatumika kutuliza maumivu? Na likitumika hivyo, linabaki lilelile?

Goenka alikwenda India mwaka 1969, akaendesha kozi yake ya kwanza Bombay kwa wazazi wake na watu wengine wachache. Muda si mrefu alikuwa akifundisha Bodh Gaya, mahali ambapo Buddha anaaminika kuupatia mwanga wake. Mwalimu mwingine alikuwa ameshatangulia kukaa hapo: Anagarika Munindra, Mbengali aliyekaa Burma miaka kadhaa chini ya Mahasi. Matawi mawili ya Burma yakakutana katika mji mmoja mdogo wa Bihar, wakati uleule ambapo vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakimiminika India. Joseph Goldstein na Sharon Salzberg walikuwamo. Daniel Goleman, mwanafunzi wa saikolojia wa Harvard, alikuwamo. Mwaka 1976 Goldstein, Salzberg na mwenzao Jack Kornfield, aliyekuwa mtawa Thailand, walifungua kituo cha taamuli katika mji wa Barre, Massachusetts.

Nyaya kichwani, Tokyo

Wakati hayo yakiendelea, sayansi ilikuwa imeshaanza kugusa jambo hili kwingine. Mwaka 1966 madaktari wa akili Akira Kasamatsu na Tomio Hirai wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichapisha utafiti wa umeme wa ubongo wa watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha ya Japani. Watawa waliketi kwa taamuli macho yakiwa yamefumbuka nusu, nyaya zikiwa kichwani. Mawimbi ya alfa, ambayo kwa kawaida hujitokeza mtu akifumba macho na kutulia, yalionekana kwao wakiwa wamefumbua macho.

Sehemu iliyowasisimua wasomaji ilihusu mlio mdogo uliorudiwarudiwa. Mtu wa kawaida akisikia mlio mara ya kwanza ubongo wake hushtuka na mawimbi ya alfa hukatika. Mlio ukirudiwa, ubongo huuzoea na kuacha kujali. Kwa wakongwe wa Zen, waliandika Kasamatsu na Hirai, ubongo uliendelea kuuitikia kila mlio kana kwamba ni wa kwanza. Hapo palionekana ushahidi wa kimaabara wa kile ambacho walimu wa Zen walikuwa wakikieleza kwa karne nyingi, kwamba kila dakika ipokelewe ikiwa mpya.

Mwaka 1981 watafiti Becker na Shapiro walirudia jaribio la namna hiyo Marekani, wakiwapima wafuasi wa Zen, wa Yoga na wa taamuli ya mantra pamoja na watu wasio na mazoezi yoyote. Tofauti haikuonekana. Makundi yote yaliuzoea mlio kwa namna moja. Matokeo ya Tokyo yaliendelea kutajwa vitabuni kwa miaka mingi. Ya mwaka 1981 hayakupata umaarufu huo. Mwelekeo huo, wa habari tamu kusafiri mbali kuliko masahihisho yake, umeiandama taaluma hii tangu utoto wake.

Zabibu kavu hospitalini

Aliyeiingiza taamuli ya Kibudha katika hospitali alikuwa mwanabaiolojia. Jon Kabat-Zinn, aliyezaliwa mwaka 1944, alipata shahada ya uzamivu ya baiolojia ya molekuli katika taasisi ya MIT mwaka 1971, chini ya Salvador Luria, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Akiwa mwanafunzi alimsikia mwalimu wa Zen Philip Kapleau akihutubia. Baadaye akawa mwanafunzi wa mtawa wa Kikorea Seung Sahn, na akahudhuria vipindi vya ukimya kule Barre. Mwaka 1979, katika mojawapo ya vipindi hivyo, lilimjia wazo la kazi yake ya maisha. Mwaka huohuo alifungua kliniki ya kupunguza msongo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester.

Aliwaomba madaktari wenzake wampelekee wale walioshindikana: wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo na kichwa ambao dawa na upasuaji havikuwasaidia. Programu, katika umbo lake lililoenea, ilichukua wiki 8. Washiriki walikutana mara moja kwa wiki, na nyumbani walifanya mazoezi ya dakika 45 kwa siku, siku 6 za wiki. Palikuwa na taamuli ya kukaa, mazoezi mepesi ya yoga, na kule kupitisha usikivu mwilini kiungo kwa kiungo, zoezi lenye undugu wa wazi na mafunzo ya siku 10 ya U Ba Khin. Maneno ya dini hayakutajwa. Hapakuwa na sanamu, ubani wala sala.

Somo la kwanza lilianza na zabibu kavu. Kila mgonjwa aliwekewa kiganjani zabibu moja au mbili. Aliitazama mikunjo yake na jinsi mwanga unavyoigusa. Akaibinya kwa vidole akisikiliza. Akainusa, akasikia mate yakijaa kinywani kabla hajaila. Akaiweka ulimini bila kuitafuna, kisha akatafuna polepole, akifuata ladha hadi ilipomezwa yote. Wengi walikiri kwamba maisha yao yote walikula zabibu bila kuijua. Kwa mgonjwa wa maumivu fundisho lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana: maumivu nayo yanaweza kutazamwa hivyo, yakachambuliwa ni joto, ni mvuto au ni mchomo, na yakatenganishwa na hofu na hasira zinazoyazunguka.

Mwaka 1982 Kabat-Zinn alichapisha matokeo ya wagonjwa 51. Kati yao asilimia 65 walipungukiwa na maumivu kwa angalau theluthi moja ya kipimo kilichotumika. Yalikuwa matokeo ya kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganishia; haikuwezekana kujua ni kiasi gani kilitokana na taamuli, kiasi gani na kupata watu wa kuwasikiliza, na kiasi gani na kupita kwa muda tu. Programu hiyo, iliyoelezwa kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990, ilienea katika mamia ya hospitali.

Sonona mbele ya kipimo kigumu

Kipimo kigumu kilikuja kutoka kwa wanasaikolojia watatu: Zindel Segal wa Toronto, Mark Williams aliyekuwa Bangor, Wales, na John Teasdale wa Cambridge. Tatizo lao lilikuwa sonona inayorudi. Mtu aliyewahi kuugua mara tatu au zaidi yuko katika hatari kubwa ya kuugua tena, na walishuku kwamba hatari hiyo imo katika namna akili inavyoshika huzuni ndogo ya asubuhi moja na kuizungusha mpaka ikawa hukumu juu ya maisha yote. Walichukua programu ya Worcester, wakaichanganya na mbinu za tiba ya utambuzi, wakawafundisha wagonjwa kuyaona mawazo kama mambo yanayopita, yasiyo lazima yaaminiwe.

Utafiti wao wa mwaka 2000 ulihusisha watu 145 katika vituo vitatu, waliogawanywa kwa kura ili nusu wapate mafunzo na nusu waendelee na matibabu yao ya kawaida. Miongoni mwa waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliobaki na matibabu ya kawaida waliugua tena ndani ya wiki 60. Kwa waliofundishwa ilikuwa asilimia 37. Kwa waliougua mara mbili tu hapakuwa na faida. Watafiti waliandika yote mawili. Mwaka 2004 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliipendekeza kwa wenye historia ya sonona ya mara tatu na zaidi. Mwaka 2015 utafiti mkubwa ulioongozwa na Willem Kuyken uliwafuatilia watu 424 kwa miezi 24: waliofundishwa na kusaidiwa kupunguza dawa waliugua tena kwa asilimia 44, walioendelea na dawa asilimia 47. Taamuli haikuishinda dawa, lakini ilisimama pembeni yake kwa heshima.

Milima ya Dharamsala

Mkondo mwingine wa historia hii ulitoka Tibet, nao pia ulisukumwa na kupoteza nchi. Dalai Lama wa 14, Tenzin Gyatso, alikimbilia India mwaka 1959 na hatimaye kuweka makao Dharamsala. Oktoba 1987 alikaa na kundi dogo la wanasayansi kwa mazungumzo ya siku kadhaa, yaliyoandaliwa na mwanabaiolojia wa Chile Francisco Varela na mwanasheria wa Marekani Adam Engle. Mikutano hiyo ilizaa taasisi ya Mind and Life, ambayo imeendelea kuwakutanisha watawa na watafiti tangu wakati huo.

Mwaka 1992 Dalai Lama alimuuliza Richard Davidson, mtafiti wa hisia kutoka Wisconsin, kwa nini vyombo vilevile vinavyotumika kuchunguza hofu na huzuni visitumike kuchunguza wema na huruma. Mwaka huo Davidson, Varela na wenzao walipandisha kompyuta na vipimo vya umeme wa ubongo kwenye vibanda vya wakaa pweke milimani juu ya Dharamsala. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuvalishwa nyaya. Baadaye walionyesha vyombo vyao mbele ya umati wa watawa, Varela akiwa amevikwa kofia yenye nyaya tele. Watawa wakaangua kicheko. Wageni walidhani wanachekwa kwa sura ya kofia, kumbe kilichowachekesha watawa ni kwamba watu waliokuja kupima huruma wameweka nyaya kichwani, wakauacha moyo.

Kazi ya Wisconsin ilizaa matunda miaka 12 baadaye. Antoine Lutz, Davidson na wenzao, mmojawapo akiwa Matthieu Ricard, Mfaransa aliyeacha maabara ya jenetiki Paris akawa mtawa wa Kitibeti, waliwapima wataalamu 8 wa taamuli wenye saa kati ya 10,000 na 50,000 za mazoezi. Walipoingia katika taamuli ya huruma, mawimbi ya gama ya ubongo wao yaliongezeka nguvu na kuoana kwa kiwango ambacho wanafunzi wa kulinganishwa nao, waliofundishwa wiki moja, hawakukikaribia. Watu 8 ni wachache, na huenda walikuwa na bongo za pekee tangu awali. Hata hivyo swali la Dalai Lama lilikuwa limepata mlango wa maabara.

Mafunzo hayakwenda upande mmoja. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Emory cha Atlanta, vitabu vya fizikia, baiolojia na sayansi ya ubongo viliandikwa kwa Kitibeti, na mwaka 2012 viongozi wa vyuo vya watawa wa madhehebu ya Gelug walikubali sayansi iwe sehemu ya masomo yao, badiliko ambalo mtaala huo haukuwahi kuliona kwa karne nyingi. Dalai Lama aliandika mwaka 2005 kwamba sayansi ikithibitisha kuwa dai fulani la Ubudha si kweli, Ubudha hauna budi kuliacha. Mwaka huohuo alipoalikwa kuzungumza mbele ya wanasayansi wa ubongo mjini Washington, mamia kati yao walitia saini kupinga mwaliko huo, wakihofia kwamba imani itapita mlangoni ikiwa imevaa koti la maabara. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki.

Masahihisho

Kufikia miaka ya 2010 uzingativu, yaani taamuli hii ikiwa imevuliwa dini, ulikuwa umekuwa bidhaa. Makampuni, majeshi na shule ziliununua, na magazeti yaliandika kwamba unabadilisha ubongo kwa wiki 8. Habari hiyo ilitokana na tafiti ndogo. Mojawapo, ya mwaka 2011, ilihusu washiriki 16 wa programu ya Kabat-Zinn. Mwaka 2022 timu ya Wisconsin, Davidson akiwa miongoni mwao, ilipima zaidi ya watu 200 kwa picha za ubongo kabla na baada ya programu hiyohiyo. Haikuona badiliko lolote la umbo la ubongo lililotokana na mafunzo. Aliyekuwa ametumia maisha yake kuusifu uwanja huu alichapisha matokeo yaliyoupunguza, na kwa hilo anastahili heshima kubwa kuliko kwa matokeo yaliyompa umaarufu.

Mapitio ya mwaka 2014 yaliyojumlisha tafiti 47 zenye washiriki 3,515 yalikuta kwamba taamuli inapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi, bila ushahidi kwamba inazishinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 utafiti wa watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi ulionyesha kuwa programu ya wiki 8 haikuwa nyuma ya dawa ya esitalopramu. Na mwaka huohuo jaribio la Uingereza lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13 halikuona faida ya kuwafundisha uzingativu darasani kuliko masomo ya kawaida ya malezi. Mtu mzima anayetafuta nafuu na mtoto aliyeketishwa kwa kengele ya shule hawafanyi jambo moja.

Utafiti uliohitaji ujasiri zaidi ni wa Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown. Mwaka 2017 walichapisha mahojiano na Wabudha wa Magharibi waliopata matatizo katika taamuli, wakapanga aina 59 za mambo yaliyowapata: hofu kali, kukosa usingizi, kujiona wametengana na miili yao. Kwa wengi wa Magharibi hiyo ilikuwa habari mpya. Kwa Burma haikuwa mpya. Mahasi Sayadaw alieleza waziwazi hatua ambamo mwenye kuchunguza nafsi huingiwa na hofu na kuchukizwa na kila kitu, na mwalimu wa Rangoon alimhoji mwanafunzi mara kwa mara ili ajue amefika wapi. Taamuli ilipovuka bahari, mbinu zilivuka, ramani ya hatari ikaachwa bandarini. Ilibidi sayansi itumie miaka mingi kuirudia kwa njia yake.

Urithi na wajibu

Mnyororo huu umefika hata ukanda wetu. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubudha alipokuwa masomoni India mwaka 1990, alipokewa utawa California mwaka 2002 na U Silananda, mtawa wa Burma aliyefika Marekani mwaka 1979 katika msafara wa Mahasi Sayadaw. Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Wabudha cha Uganda huko Entebbe. Kutoka Seikkhun hadi ufukwe wa Ziwa Victoria ni hatua mbili za mwalimu na mwanafunzi.

Swali la U Ba Khin bado liko mezani. Wabudha wengine wanasema kliniki zimechukua usikivu zikaacha maadili: kutoiba, kutodanganya, kutodhuru, mambo ambayo katika mapokeo yao hutangulia kabla mtu hajafumba macho. Wakosoaji wa kijamii wanaongeza kwamba kampuni inayowafundisha wafanyakazi kutulia bila kuwapunguzia mzigo inaitumia taamuli kuwanyamazisha. Hoja zote mbili ni za haki, na hakuna picha ya ubongo itakayozijibu. Lakini wagonjwa wa Worcester walikuwa na maumivu ya kweli, na waliougua sonona mara tatu wakaepushwa na ya nne ni watu wa kweli. Ledi Sayadaw aliuvunja ukuta uliokuwa kati ya mtawa na mkulima kwa sababu haja ya watu ilikuwa kubwa. Ni vigumu kuona kwa nini angeujenga upya kati ya mkulima na mgonjwa.

Anayetaka kuuheshimu urithi huu ana wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni kuwataja walioubeba: mkulima aliyefiwa, mhasibu wa serikali, mtawa aliyeandika kwa lugha ya wananchi, na taifa lililopoteza mfalme likawa mlinzi wa dini yake lenyewe. Wa pili ni kutodai zaidi ya kinachoonekana. Wajibu huo wa pili unafundishwa sawasawa katika hotuba ya Satipatthana na katika maabara yoyote inayojiheshimu, na pale ulipozingatiwa ndipo pande hizi mbili zilipokutana kwa kweli.